Seoi nage: mkono wa kushoto ndio unaorusha

Asubuhi malori ya viazi yanaposhushwa sokoni Soweto, Mbeya, mtazame mbeba mizigo mmoja tu kwa makini. Haliendei gunia kwa pupa. Analigeuzia mgongo, anachuchumaa, na wenzake wawili wanaliinamisha mpaka limwegemee kuanzia mabegani hadi kiunoni. Hapo ndipo anainuka, kwa nguvu ya mapaja, mgongo ukiwa umenyooka. Lumbesa iliyopita kilo 100 inapanda juu ya mtu asiyefika kilo 70. Gunia lingeachwa limesimama wima, mtu yuleyule asingeling'oa chini.

Seoi nage, mbinu ya kurusha ya judo, ni kazi hiyohiyo, isipokuwa gunia la judo lina miguu na lina akili, na hakuna wenzako wawili wa kukuinamishia. Wa kuliinamisha ni mkono wako wa kushoto. Vijana wengi wanaojifunza mbinu hii wanahangaika na bega na mgongo, wanauliza wanyanyueje, wakati kosa lao limeshatokea nusu sekunde nyuma, kwenye mkono ule wa kushoto uliokuwa umeshika tu bila kuvuta.

Kwa Kijapani seoi ni kubeba mgongoni, nage ni kurusha. Kiswahili tunalo neno linalokaribia zaidi, kueleka, ndilo lililozaa mbeleko, na nitalirudia baadaye kwa sababu linafundisha kitu. Mbinu hii imo katika kundi la kwanza kabisa la Gokyo, ule mpangilio wa mbinu 40 za kurusha wa Kodokan, shule aliyoianzisha Jigoro Kano huko Tokyo mwaka 1882. Kuwa kwake kundi la kwanza kunawadanganya watu waione rahisi. Umbo lake linaeleweka upesi, ndiyo. Kumrusha nalo mtu asiyetaka kurushwa ni habari nyingine.

Nitatumia maneno mawili ya judo yanayojulikana kote: tori ni anayerusha, uke ni anayerushwa. Maelezo yote ni ya mtu wa mkono wa kulia. Mwenye kutumia kushoto ageuze.

Kabla ya yote, kuanguka

Asiyejua kuanguka asirushwe. Seoi nage inamzungusha uke hewani na kumshusha ubavu wa kushoto na mgongo, kutoka kimo cha kiuno au bega la tori. Kitu cha kwanza ambacho mwili wa asiyejua unafanya ni kunyoosha mkono uupokee mkeka. Mkono huo ndio unaovunjika, na kama si kifundo basi mtulinga.

Uke anatakiwa kubana kidevu kifuani, macho yatazame fundo la mkanda wake mwenyewe, apige mkeka kwa mkono wa kushoto wote, kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko, mkono ukiwa umeachana na mwili kiasi cha nyuzi 30 hadi 45. Ukipigwa juu usawa wa bega, mshtuko unaingia begani. Miguu isipandane, maana kifundo kwa kifundo vinagongana na maumivu yake yanadumu wiki nzima. Atoe pumzi anapotua.

Anza na uke aliyechuchumaa anayejiangusha ubavu. Kisha apinduke juu ya mgongo wa mwenzake aliyepiga magoti na viganja chini. Kisha arushwe na tori aliyepiga magoti. Wiki 4 za kazi hiyo, mianguko 20 hadi 30 kila siku ya mazoezi, si nyingi. Kocha anayemrusha mgeni siku ya kwanza ili kumwonyesha ukali wa judo anamfukuza mwanafunzi, na mara nyingine anampeleka hospitali.

Mikono

Mkono wa kushoto unashika mkono wa kulia wa koti la uke, upande wa nje, chini kidogo ya kiwiko. Vinavyoshika hasa ni kidole cha mwisho na cha pete. Dole gumba na shahada vinasindikiza. Ukikaza vidole vyote sawasawa, mkono unachoka katika dakika ya kwanza na kiwiko chako kinakakamaa.

Uvutaji wake unakwenda mbele na juu. Inua kiwiko chako cha kushoto hadi usawa wa sikio na ugeuze kiganja mpaka kidole cha mwisho kielekee juu, kama mtu anayetazama saa mkononi huku amenyanyua kiwiko. Ukiivuta nguo kuelekea tumboni kwako, unamvuta uke chini, naye anapata kusimama imara zaidi kuliko alivyokuwa. Umemsaidia. Ukiivuta juu na kuikaza, bega lake la kulia linakuja mbele, uzito unahamia kwenye vidole vya miguu, na kisigino kinaachana na mkeka.

Mkono wa kulia una njia mbili. Katika ippon seoi nage unaachia ukosi, unapita chini ya kwapa la kulia la uke, na kikunjo cha kiwiko chako kinabana mkono wake wa juu, karibu kabisa na bega. Funga ngumi na ubane kwelikweli. Pakibaki nafasi ya kupitisha vidole viwili, uke atachomoa mkono wake, na akishauchomoa yuko nyuma yako, na shingo yako iko wazi.

Katika morote seoi nage mkono wa kulia hauachii ukosi. Unakunja kiwiko na kukiingiza chini ya kwapa lilelile, kifundo kikiwa kimenyooka. Hapa ndipo viwiko vinapoumia. Kiwiko kikibaki juu ya kifua cha uke badala ya kuingia kwapani, mwili wako unageuka na mkono unabaki nyuma, na mzigo wote unaangukia kano za upande wa ndani wa kiwiko. Ukisikia maumivu hapo, acha siku hiyohiyo. Wengi wanajifunga bendeji na kuendelea, halafu wanapoteza miezi. Kwa maoni yangu anayeanza achukue ippon, aje kwenye morote baada ya miezi kadhaa, mabega yake yakishalainika.

Miguu, na ile nafasi ya mgongoni

Mguu wa kulia unatangulia, unatua mbele ya vidole vya mguu wa kulia wa uke, kwa ndani kidogo, umbali wa kiganja kimoja hivi. Unatua kwa sehemu ya mbele ya wayo, kisigino kikiwa hewani, vidole vimeshaanza kugeukia kushoto. Ukiutua katikati ya miguu yake kwa ndani sana, hutakuwa na pa kugeukia, utamwegemea kwa mgongo na yeye atakurudisha chini. Ukiutua mbali, utalazimika kurudi nyuma kumtafuta, na kurudi huko ndiko kunakompa muda wa kukukwepa.

Kisha unazunguka juu ya wayo wa kulia, na mguu wa kushoto unapita nyuma yako kwa nusu duara hadi mbele ya mguu wa kushoto wa uke. Mwisho wa mzunguko nyayo zako zote mbili ziko ndani ya nyayo zake, vidole vinatazama kule anakotazama yeye, upana ni wa mabega yako au pungufu. Magoti yamekunjwa na yanafuata njia ya vidole. Yakiporomoka kwa ndani, yataharibika. Mkanda wako uwe chini ya mkanda wake kwa kiganja kizima. Mfupi ana bahati hapa. Mrefu anayepambana na mfupi itabidi ashuke sana, na mara nyingi kwake ni heri mbinu nyingine.

Sasa mbeleko. Tazama mama anavyomweleka mtoto: anainama kidogo, mtoto anakaa katikati ya mgongo, kisha anavuta kanga mpaka tumbo la mtoto na mgongo wake vinakuwa kitu kimoja. Ikibaki nafasi, mtoto anateleza upande. Hakuna mama anayemshikilia mtoto mgongoni kwa nguvu za mabega, ni kanga inayobana. Kwenye seoi nage kanga hiyo ni mkono wa kushoto, unaoendelea kuvuta wakati wote unapogeuka, hata unapokuwa umeshampa uke mgongo na humwoni tena. Wengi wanavuta mwanzoni, wakianza kugeuka mkono unalegea, na wanafika mwisho wakiwa wamekaa vizuri mbele ya mtu ambaye hawajamshika.

Kuna njia mbili za kupima bila kubishana. Weka kanga iliyokunjwa mara nne juu ya mgongo wa tori, katikati ya mabega, uke aishikilie hapo kwa mkono wake wa kushoto tori anapomaliza kuingia, kisha aiachie. Kanga ikianguka, kuna nafasi. Ya pili ni ya miguuni: tori akishaingia asimame hapo, mtu wa tatu ajaribu kupitisha ndala chini ya visigino vya uke. Ikipita bila kukwama, mkono wa kushoto umefanya kazi. Ikigonga kisigino, kilichofanyika ni kugeuka tu. Watu huwa wanashtuka wanapopimwa hivi, hata wenye mikanda ya rangi.

Kumalizia

Baada ya yote hayo kurusha kwenyewe ni kufupi. Nyoosha magoti, nyonga ziende nyuma na juu, na papo hapo geuza kichwa kutazama kushoto huku mkono wa kushoto ukishuka kutoka usawa wa sikio hadi mfuko wa kushoto wa suruali. Macho yakitazama sakafuni mbele yako, mwili hauzunguki, na uke anakwama juu ya mgongo kama mzigo uliokosa pa kushukia. Kiuno kiiname baada ya miguu kufanya kazi, kamwe isiwe badala yake. Anayeinama kwa kiuno magoti yakiwa yamenyooka anaubebesha uti wa mgongo kilo zote za mwenzake.

Kuna wanaoangukia magoti yote mawili chini ya uke, wakiwa wameona wachezaji wakubwa wakifanya. Mwoneni pia Toshihiko Koga wa Japani, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki ya kilo 71 Barcelona mwaka 1992 akiwa na goti lililoumia, na aliyejulikana kwa kurusha ippon seoi nage akiwa amesimama. Jifunzeni ya kusimama kwanza. Ya magoti inamshusha uke kwa kasi kichwa kikiwa karibu na mkeka, na kwenye mikeka tuliyo nayo sehemu nyingi za huku, magoti ya tori yanagonga udongo moja kwa moja.

Mkeka na koti

Tatami, yaani mkeka wa judo, ya kawaida ni ya mita 1 kwa 2, unene wa sentimita 4. Wasio nayo Nyanda za Juu Kusini wana malighafi mlangoni: unga wa mbao na maranda kutoka viwanda vya kupasulia mbao vya Mafinga. Tengeneza fremu ya mbao ya mita 6 kwa 6, jaza unga wa mbao mkavu kina cha sentimita 15, tandika mazulia ya zamani juu, kisha turubai zito livutwe na kufungwa kwa kamba pande zote. Kwa vipimo hivyo utahitaji mita za ujazo 5.4, na ongeza, maana unashindiliwa. Uchekeche kwanza. Misumari na vipande vya mbao vimo.

Adui wake ni unyevu. Mvua za huku zinaanza mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei, na unga wa mbao uliolowa unaota ukungu kisha unakauka mgumu kama tofali. Weka nailoni chini kabisa, paa juu, na kila wiki fungua turubai uugeuze kwa reki. Turubai lenye mikunjo ni hatari kwa seoi nage kuliko mbinu nyingi, kwa sababu unazunguka juu ya wayo mmoja: kidole kikinasa kwenye mkunjo, wayo unabaki na goti linageuka. Likaze kila kabla ya mazoezi. Kingo za mbao zifunikwe kwa sponji, na kurusha kufanyike katikati, mita 1 na zaidi kutoka ukingoni.

Magodoro yafaa kwa kutua tu. Ukisimama juu yake wayo unazama, na goti linapata shida ileile. Weka godoro mbele ya mkeka mgumu, tori asimame kwenye mkeka, uke atue kwenye godoro.

Judogi, yaani vazi la judo, ikikosekana, koti zito la jinzi la mtumba linatosha kujifunzia. Toa vifungo vya chuma na zipu, mpelekee fundi cherehani ashone mara mbili kwapani, maana ndipo linapochanika kwanza, na atie kipande cha turubai ndani ya ukosi ili uwe na mshiko.

Mazoezi ya wiki

Siku 3 kwa wiki zinatosha anayeanza. Juni na Julai, Mbeya, Makete na Njombe baridi ni kali, kwa hiyo pasha mwili dakika 20 badala ya 10, hasa mabega, viwiko na kiuno. Anayetoka Kyela au Dar es Salaam akija kufanya mazoezi Mbeya mjini, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, ataishiwa pumzi mapema siku za mwanzo. Apunguze raundi, asilazimishe.

Uchikomi, yaani kuingia bila kurusha, fanya seti 5 za mara 10. Seti 2 za kwanza polepole kabisa, ukisimama kwenye kila hatua: mkono, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, mbano. Zilizobaki kwa kasi, na ile ya kumi ya kila seti umrushe. Uchikomi ina ugonjwa wake: tori anajizoeza kugusa na kurudi, kugusa na kurudi, mpaka mwili unaamini kwamba mbinu inaishia kwenye kugusa. Dawa yake ni mtu wa tatu kumshika uke mkanda kwa nyuma, tori aingie kwa nguvu zote na kumnyanyua bila kumrusha. Seti 3 za mara 5 zinachosha kuliko zile 50.

Uke naye ana kazi. Asimame kawaida. Akiegemea nyuma kwa woga, tori atajifunza kuvuta vibaya. Akijirusha mwenyewe kwa hisani, tori hatajifunza chochote. Wanaoanza wasipishane zaidi ya kilo 10.

Nyumbani, pasipo mwenzako, chukua tyubu ya baiskeli, ikate, ipitishe kwenye mti, mparachichi wowote imara wa uani, usawa wa kifua. Ncha moja ni mkono wa koti, nyingine ukosi. Simama pale ambapo tyubu imeanza kukaza, kisha ingia seti 6 za mara 10. Ikague kila siku, kwa kuwa iliyochanika ikikatika inarudi usoni. Tyubu inafundisha mkono wa kushoto kutolegea, kwa sababu ukilegea inakurudisha papo hapo. Uzito wa mtu haikufundishi.

Katika mpambano, usiingie kwa mtu aliyesimama na kutulia. Subiri akusukume, au anapopiga hatua ya mguu wa kulia mbele, wakati wayo unatua na uzito unaufuata. Asiposukuma, mlazimishe: tishia ouchi gari, mguu wako wa kulia ukifagia mguu wake wa kushoto kwa ndani. Ataurudisha nyuma kisha atasukuma mbele kujiweka sawa. Msukumo huo ndio gunia lililoinama.

Na kila baada ya kurusha, kabla uke hajanyanyuka, tazama alipoangukia. Akiwa mbele ya vidole vyako, ubavu wa kushoto, sawa. Akiwa ameteleza na kuangukia kuliani kwako, mguu wa kushoto ulichelewa na mgongo wako haukumfunika. Akitua kwa miguu, mkono wa kushoto uliishia kifuani badala ya kufika mfukoni. Ukiwa umeanguka naye, uliinama kwa kiuno. Akitua kwa bega au karibu na shingo, uliachia mkono wa koti mapema, na hilo lisirudiwe hata mara moja: shika mpaka mwisho, na anapogusa mkeka vuta mkono huo juu kidogo, ili kichwa chake kibaki hewani na mkono wake wa kushoto uwe huru kupiga.